Daftari la Maweni

Safu ya kwanza ni jina. Ya pili, umri.
Ya tatu, amepewa nini. Ya nne, sahihi au dole gumba.
Ya tano wameandika MAONI,
wakaiacha nyembamba kama ufa wa mlango.

Mimi ndiye karani. Nilichaguliwa
kwa kuwa nilifika darasa la nane,
na kwa kuwa siku ile mkono wangu haukutetemeka.

Chumba chetu ni cha uani kwa Bi Rukiya,
zamani stoo ya makuti; panya bado wanadai chao.
Kodi twachanga. Mwezi wa Ramadhani hakutudai,
alisema tu: "Msiniachie sindano chooni, nna wajukuu."
Hatujaacha hata moja. Tsuma huzihesabu zikirudi,
kwa Kitaliano, alivyokuwa akiwahesabu wageni wake
enzi za hoteli: uno, due, tre,
mpaka sanduku la manjano lijae,
kisha hulipeleka hospitali kwa baiskeli, polepole,
kama mtu aliyepakia mayai.

Kadzo, ishirini na saba. Mabomba kumi, pamba, maji.
Maoni: hapatoshi kuandika
kwamba jipu la kwapani alilificha wiki mbili
kwa sababu zahanati walimwambia akaoge kwanza,
kwamba Mwanatumu alimwogesha papa hapa, kwa ndoo,
huku akimtukana na kumkanda,
wakaenda pamoja, na Mwanatumu akakaa kwenye benchi
mpaka daktari alipochoka kutowaona.

Shehe Famau. Umri hakumbuki.
Amekuja saa moja unusu, atoka dirisha la methadoni.
Pale unameza, kisha nesi anakwambia: "Sema jina lako,"
apate kujua kinywa ni kitupu.
Shehe asema mji mzima huu
ni hapo tu anapoulizwa jina lake kila siku.
Sokoni yeye ni teja.
Msikitini yeye ni "viatu vyenu, jamani."

Kuna mstari niliuandika usiku, kwa tochi ya simu.
Bwanaheri, nyuma ya kibanda cha mkaa,
midomo imekuwa rangi ya zambarau.
Watu wamesimama. Mmoja anarekodi,
mmoja ashauri maziwa, mmoja maji ya chumvi.
Mwanatumu akapiga magoti akampulizia pumzi zake mwenyewe.
Tsuma akavunja kichupa, akavuta dawa,
akamchoma paja juu ya suruali.
Uno, due. Safari hii hatukujua anahesabu nini.
Alipofika quaranta Bwanaheri alikohoa,
akafungua macho, akatutukania mama zetu
kwa kumharibia unga wake.
Sijapata kusikia tusi tamu kama lile.
Maoni: amerudi.

Kisha walikuja wageni na gari jeupe.
Mmoja, mpole, mwenye shati lililopigwa pasi,
akauliza: "Na wangapi wameshaacha?"
Tukatazamana. Mwanatumu akamsukumia daftari,
akamwomba asome majina kwa sauti.
Alisoma vibaya. Kadzo akamsahihisha
moja baada ya moja, kurasa sita,
mpaka chai ikapoa na dereva akapiga honi.

Wiki ile nyingine sikufika. Sitaeleza.
Nilipofungua ukurasa wa Jumatano
mwandiko haukuwa wangu.
Herufi zimelaliana kama watu kwenye jamvi moja;
ni Kadzo, Kadzo aliyeapa hajui kuandika:

Karani. Umri: anadanganya.
Amepewa: bomba mbili, uji, fulana ya Tsuma.
Sahihi: dole gumba, limeburura wino hadi pembeni.
Maoni, hapo ameruka safu,
amepanda juu ya mstari, amekata kona ya karatasi,
ikabidi niligeuze daftari ili nisome:

amekuja anatetemeka. hatujamuuliza kitu.
kalamu yake tumeiweka dirishani, hapo juu,
panya wasiifikie.