Miguu ya Karagosi

Mwaka nilioshinda uchaguzi wa darasa la nane
kwa kura thelathini na moja dhidi ya tatu,
Mwalimu Kuwahara alinikabidhi miguu.

Si kichwa. Kichwa alipewa Kanade,
msichana aliyeitika jina lake kwa kunong'ona.
Mkono wa kushoto, Tokio, mtoto wa wauza vitunguu.
Watu watatu, karagosi mmoja:
ndivyo wachezavyo hapa Awaji tangu enzi za mababu.

"Lakini mimi ndiye kiranja," nikasema.
"Ndiyo maana," akajibu, akaendelea kufagia.

Na miguu yenyewe haikuwepo!
Karagosi wa kike hachongewi miguu:
ni pindo la kimono tu, na ndani yake ngumi zangu mbili
zikijifanya magoti, zikijifanya hatua.
Nilitembea nimejikunja kama ndoana,
uso nimefunikwa kitambaa cheusi,
harufu ya vitunguu vilivyoanikwa
ikipenya madirisha ya ukumbi.

Hadithi tuliitunga wenyewe, tukagombania kila neno:
mwanamke mwenye funguo za ghala mwaka wa njaa.
Mimi nilitaka ahutubie. Hotuba ndefu, ya kutikisa paa.
Tokio akasema, "Mwenye njaa hali maneno."
Tukaifuta.
Kanade akaandika mstari mmoja:
Anapiga magoti, anaweka funguo chini.

Miezi mitano nikijifunza kusikiliza kwa kiwiko,
kiwiko changu kwenye nyonga ya Kanade;
ikisogea upana wa unywele, nimekwisha jua.
Hakuna aliyesema twende. Tulikwenda.
Siku nilizotangulia, mama wa watu alikatika kiuno,
darasa zima likaangua kicheko.

Usiku wa maonyesho, nyonga haikusogea.
Kanade aliganda. Nilisikia pumzi yake imekwama,
na bibi yangu, safu ya pili, akikohoa.
Nikakaza ngumi, nikashusha pindo taratibu.
Kichwa kikafuata.
Mkono wa Tokio ukafuata.
Funguo zikalia sakafuni.

Makofi yote yalikuwa yake, yule wa mbao.

Leo naendesha ushirika wa wakulima,
watu mia mbili na kelele zao.
Kabla sijafungua mdomo kikaoni
mikono huenda yenyewe chini ya meza,
ngumi mbili,
zikitafuta pindo.