Mkono Ndani ya Robota

Miaka ishirini na sita nilipima katani
pale kiwandani, nyuma ya reli,
na nilichotoka nacho ni hiki:
robota lililokauka nje
litie mkono katikati.
Kuna watu hulimwagia maji usiku
ili asubuhi lizidi kilo,
na mizani, maskini, haijui kudanganya
wala haijui kudanganywa. Inasoma tu.

Basi kiinua mgongo kilipoingia
Singano dalali alifika na pikipiki
kabla hata sijamwambia mwanangu.
"Mama Semkiwa, nyumba iko Makorora.
Vyumba sita, vyote vina watu.
Wewe ni kukaa barazani na kuhesabu."
Rangi ilikuwa ya juzi, kijani cha ndizi mbichi,
bado inanuka.
Nikamwambia, nasubiri mvua.

"Mvua?" Akacheka. "Masika ni Aprili, mama.
Kuna mtu wa Muheza anakuja kesho, fedha mkononi."
Mwache aje, nikasema.
Usiku ule sikulala, sitawaficha.
Nilimwona mtu wa Muheza darini,
anahesabu kodi yangu.

Aprili. Saa nne usiku, mvua ya kumwagwa kwa ndoo,
nikavaa mabuti ya marehemu
nikaenda peke yangu na tochi.
Mtaro wa barabarani ulikuwa umeamua kuhamia ndani.
Mwanahija wa chumba cha tatu, muuza mihogo ya nazi,
alikuwa amepandisha godoro juu ya meza
na mtoto juu ya godoro.
"Karibu," akasema, "kama unajua kuogelea."
Akakwangua ukuta kwa ukucha, akanionyesha
mstari wa maji ya mwaka jana
chini ya kijani, kama kovu chini ya poda.
Na akaniambia habari za dada:
dada wa muuzaji, yuko Pangani,
nyumba ni ya baba yake pia
na hakuna aliyemuuliza.

Nilinunua Mikanjuni. Vyumba viwili, choo cha nje,
sura hana, nyumba ile, lakini miguu yake mikavu.
Ofisi ya ardhi nilikwenda mara nne,
mara ya tatu mwenye faili alikuwa msibani.
Mke wa muuzaji alibandika dole gumba mbele ya macho yangu,
na watoto wote wakubwa, hata yule wa Korogwe,
tukamsubiri siku mbili.
Nusu ya fedha sikuigusa.
Mwanangu akasema fedha ikilala inaoza.
Nikamuuliza: na bati likiruka,
utalala wewe juu ya mbao?

Msinisifu.
Mpangaji wangu wa kwanza, kijana mpole wa salamu ndefu,
aliondoka alfajiri na kodi ya miezi mitatu,
na balbu,
na kitasa.
Kitasa!
Nilikaa sakafuni mle chumbani
nikacheka mpaka nikakohoa.
Ile nusu iliyolala iliamka, ikanunua kitasa kingine.

Hatari haifukuzwi. Ni chumvi iliyozidi mchuzini:
hakuna kijiko cha kuitoa.
Unaongeza kiazi, unaongeza maji kidogo, unaonja,
unaonja tena,
na wageni wanakula bila kujua ulivyotetemeka.

Juzi nimepita Makorora. Inapakwa rangi tena,
safari hii bluu.
Singano amesimama uani na bwana mmoja wa makamo,
viatu vipya, bahasha kwapani,
uso wa mtu aliyestaafu wiki iliyopita.
Haikuwa kazi yangu. Nilikuwa nimebeba dagaa.
Nikasimama hata hivyo, nikauliza kwa sauti,
kama mwendawazimu asiyemuuliza mtu yeyote:
"Hivi mvua ya mwisho hapa ilifika wapi?"

Bwana akageuka kuutazama ukuta.
Singano akanitazama mimi
kama aliyeiona mizani inatembea.