Mipira Minane ya Mbambakofi

Karatasi aliileta Mwalimu Tima Skanda,
imekunjwa mara nne, yanukia iliki,
na ndani maduara manane, kila moja limepitishwa mshale.
"Sayari za darasa la sita," akasema. "Za mti mgumu, zisiliwe na mchwa."
Baba akaigeuza karatasi juu chini, chini juu.
"Na mishale hii mbona imelewa?"

Karakana yetu ya Mkomani ilikuwa na upana wa mkeka.
Kazi yangu kuvuta uta wa keezo,
yake patasi, na kuninyamazia.
Kwa Baba vitu vyote viligawika mafungu mawili:
vilivyokubali timazi, na kuni.
Mguu wa kitanda ukicheza unywele mmoja
aliutia motoni, tukachemshia kahawa.

Mpira wa tatu ndio ulioleta ugomvi.
Mwalimu ataka Dunia iinamishwe
nyuzi ishirini na tatu na nusu.
"Na nusu!" Baba akacheka kwa pua.
"Nitoboe upande? Nitoe kazi imepinda,
watu wa Shela wapate la kusema?"
Kekee ikalala kwenye kitambaa chake siku tatu.

Ya nne Mwalimu akarudi, viatu mkononi, mvua imejaza mtaro.
Hakubishana. Akaushika mpira juu na chini
kwa ncha za vidole, akauzungusha.
"Tundu toboa sawasawa, Fundi, lipite moyoni mwake.
Yenyewe kwa nafsi yake haijapinda.
Imeinamia njia tu, ile inayopita kulizunguka jua.
Kata kiti chake mshazari, mpira uache."

Baba akatoka uani, akasimama kwenye nguzo.
Pale sakafuni palikuwa na alama mbili za mkaa,
kazitia mwenyewe, miaka, asimwambie mtu:
adhuhuri ya mwezi wa sita kivuli huangukia huku, kusini;
adhuhuri ya mwezi wa kumi na mbili, kule.
Alidhani nguzo ndiyo mbovu.
Mara mbili ameing'oa, mara mbili ameisimika upya,
timazi ikimwapia kwamba haina kosa.
"Kumbe," akasema.
Mvua ilikuwa ikifuta mkaa.
"Kumbe si nguzo."

Usiku huo tukakereza.
Utaridi, dogo kama kungumanga, likasimama wima kama alifu.
Mshtarii lilitaka gogo zima, na siku yake
haifiki hata saa kumi: "Vuta basi, mwenzio hana muda!"
mikono yangu ikawaka hadi mabegani.
Zuhura, nikamsomea, huzunguka kinyume,
tena kwa uvivu, mwaka wake huisha
kabla hajajigeuza mara moja.
"Hiyo naijua," akasema. "Hilo pigo la kurudi.
Uta ukirejea patasi huinuliwa, hakikatwi kitu.
Ndiyo maana ang'aa vile. Hajaguswa na chuma."

Ukabaki Uranusi.
Mshale wake kwenye karatasi ulikuwa umelala kabisa.
Mimi nikadhani Mwalimu amekosea.
Baba akaupokea mpira kwa viganja viwili,
akaulaza ubavu wa kulia, taratibu,
kama alivyomlaza Mama, ile Shaabani.
"Na hii nayo yazunguka?"
"Yazunguka. Saa kumi na saba."
"Imelala hivi hivi?"
"Hivi hivi."

Uta ukaning'inia mkononi mwangu.
Huko nje mtu alikuwa akimfokea punda.
Baba akalipuliza vumbi la mbao, akalipuliza tena
mahali ambapo vumbi lilikwisha kutoka.

Mipira saba aliitajia bei, na nusu akaisamehe.
Wa nane hakuutaja. Aliupaka mafuta mara tatu,
na asubuhi tulipobeba kikapu kwenda shule
huo haukuwamo; ulikuwa mfukoni mwake.
Alinitangulia kichochoroni, bega la kushoto
limeshuka chini ya la kulia, miaka arubaini ya keezo,
nyuzi ngapi sijui.
Timazi ilikuwa kwangu. Sikuitoa.