Kaa

Mwalimu Msonde alitupa neno moja la Kiingereza,
akaliandika ubaoni kwa kipande cha mwisho cha chaki,
akasema: wenyewe hawalitumii tena sokoni,
wameliacha kanisani kama mwavuli uliosahauliwa.
Nendeni mkalitafute katika Maandiko.
Jumapili kila mtu aje na maana zake.

Nilifungua Biblia ya mama,
yenye alama za vidole vyeusi kwenye pembe za kurasa,
nikakuta kwetu neno hilo ni kaa.
Basi kwetu halijatoka sokoni.
Hapa Usoke tunalipima kwa debe.

(Yupo pia kaa wa pwani, mwenye magando,
anayetembea upande. Huyo simjui.
Nimezaliwa mbali na chumvi.)

Nikaanza na nabii.
Malaika alimjia na kaa la moto,
akamgusa midomo, maneno yakatakata.
Lakini alilishika kwa koleo, nikamsomea mama,
naye akacheka mpaka akakohoa:
hata malaika anaogopa kuungua!
Yeye, Nyanzala binti Lugendo,
miaka thelathini ameokota makaa kwa vidole,
na midomo yake haikutakata:
waulize wanunuzi waliotaka lumbesa.

Nikaja kwa Petro.
Usiku ule uani aliota moto wa makaa
akasema simjui mtu yule, mara tatu.
Asubuhi nyingine, ufuoni, makaa tena,
na samaki juu yake, na mkate,
na mtu yule yule anauliza: wanipenda?
Nadhani harufu ilimtangulia.
Nadhani pua ilikumbuka kabla ya moyo.

Wale wawili wa njiani walimwambia mgeni,
kaa nasi, jua limekuchwa.
Sisi mgeni tunamhesabia siku, ya tatu tunampa jembe.
Huyu hakungoja hata mkate uliwe:
walipomtambua tu, hayupo.
Nikaandika daftarini: kaa,
ombi linalojibiwa kwa kutoweka.
Nikafuta. Nikaandika tena.

Na yapo makaa ya kumpalia adui kichwani
kwa kumlisha akiwa na njaa.
Mhubiri wa Urambo alisema hiyo ni aibu, itamchoma.
Mama alikataa. Akanikumbusha Kashindye,
aliyetuibia magunia mawili mwaka wa msiba wa baba,
kisha masika yakamzimia moto
akaja alfajiri na kigae, macho chini.
Mama alimpalia makaa mpaka kigae kikafurika,
akakiweka mwenyewe kichwani pake
juu ya kata ya majani mabichi.
Nilimwona akienda, moshi ukimfuata kama mtoto.
Kama ilikuwa adhabu, alisema mama,
mbona alifika kwake akapika?

Mzabibu sijauona kwa macho.
Tawi likae katika mti, imeandikwa,
lisilokaa hukusanywa likachomwa.
Hapo nilisimama muda mrefu na kalamu,
nikisikia mashoka upande wa msitu.
Kwetu mininga na mitundu hulala tanurini siku tisa
chini ya udongo, ikipumulia tundu moja.
Lisilokaa huwa kaa.
Sikujua nicheke au nifunge kitabu.

Jumamosi usiku mama alizidiwa.
Jiko lilikuwa mlangoni, jekundu kidogo katikati.
Mbali ikasikika treni ya Kigoma ikipanda kutoka Tabora,
ile niliyokatia tiketi bila kumwambia.
Akafumbua macho, akasema neno moja:
kaa.

Sikujua kama ananisihi nisiondoke
au anataka kaa jingine liongezwe jikoni.
Nikaongeza kaa, kwa vidole.
Treni ikasimama, ikapiga honi, ikapita.
Ubaoni kwa Mwalimu Msonde
jina langu halina kitu mbele yake.
Vidole vyangu vingali na malengelenge.