Kilo Mbili na Nusu

Parafujo hazihesabiwi.
Hapa Gangshan tunazipima, katoni kwa katoni,
kilo ishirini na tano, kifuniko, mkanda, muhuri,
na mimi, Kuo Pi-hsia, karani kwa mwaka wa thelathini na moja,
naandika uzito kwa wino mweusi
kwa kuwa kompyuta haimwamini mzee Chuang
wala mzee Chuang haiamini.

Habari ilikuja Jumanne, pamoja na uji.
Redio ya mama muuza maziwa ya soya ikasema: wametia sahihi.
Nchi kadhaa, kalamu kadhaa, maua mezani.
Sisi hatukutajwa.
Hata kwa ubaya hatukutajwa.
Mama akaniongezea kitunguu, akauliza,
"Hayo yanahusu nini?"
Nikasema, sijui, labda magari.

Yalihusu parafujo.

Hakuna aliyetupandishia ushuru, nielewe vizuri.
Asilimia kumi ni ile ile,
tuliyoilipa tangu nywele zangu zikiwa nyeusi,
na wa Incheon wakiilipa kando yetu,
wote tukitoa jasho kwenye foleni moja.
Kilichotokea ni hiki tu: wao wametolewa kwenye foleni.

Bwana Prasong akaandika toka Bangkok, kwa adabu yake:
parafujo zenu hazijawahi kukatika,
mke wangu anawasalimu,
lakini.

Jioni ile, wenzangu wakishaondoka,
nikafungua katoni moja iliyokwisha fungwa.
Nikachota kwa kiganja, nikachota,
hadi mizani ikasoma ishirini na mbili na nusu.
Nilitaka kuiona kwa macho, hiyo asilimia.
Kilo mbili na nusu: uzito wa binti yangu Yun-ju
alipozaliwa kabla ya siku zake,
muuguzi akaguna, akampima tena.
Nikazitia kwenye kopo la chai.
Mikono ilinuka zinki hadi usiku wa manane.

Mwana wa Chuang akashauri: tupunguze zinki,
nani atajua?
Kutu itajua, akajibu mzee,
na hakusema tena mpaka Ijumaa.

Ijumaa alisema: mashine namba nne iende Binh Duong.
Huko ni ndani.
Chuma kile kile, mafuta yale yale, kelele ile ile,
lakini ikivuka maji tu, inachokitema kitaitwa cha ndani.
Mashine imepata uraia tulioukosa sisi.
Ikafungwa turubai. Lu Chin-shui akafungasha mashati,
aende akawafundishe vijana kusikiliza
pale nyundo inapoanza kukohoa.
Sakafuni umebaki mstatili wa mafuta.
Tunauzunguka. Sijui kwa nini, hakuna aliyetukataza.

Asiyekuwapo na lake halipo. Sawa.
Ila nimeikata picha gazetini:
meza ndefu, kitambaa kijani kimeshuka hadi chini,
miguu haionekani.
Kitu fulani kiliikaza meza ile isiyumbe wakati wa kusaini.
Huenda ni zetu. Huenda ni za Incheon.
Nimeitazama kwa miwani, kisha bila miwani.

Jana Lu alipiga simu.
Joto, alisema, na wali wao si mbaya,
na vijana wana masikio.
Ila namba nne inatetemeka; mguu wa kushoto
umepoteza parafujo moja safarini,
na za dukani huko hazikai.
Nitumie, dada. Moja tu.

Nikaingiza mkono kwenye kopo la chai.
Nikaijaribu kwa nati, ikazunguka bila kukwama.
Posta wakanipa fomu ya forodha:
bidhaa, thamani, nchi ilikotoka,
idadi.

Miaka thelathini na moja, na sijawahi kujaza chumba hicho.
Nikaandika: moja.
Karani akaipindua bahasha, akaitikisa karibu na sikio,
akaniambia kuna ushuru.