Kunguni wa Kitanda Hiki

Mmetuuliza, kwenye karatasi ya rangi ya waridi:
nani afundishe warsha ijayo ya programu?
Mmeacha mstari mmoja wa jibu.
Nimeandika mpaka nyuma.

Mwaka jana alikuja mtaalamu.
Sina ugomvi naye. Vidole vyake
vilipita juu ya kibodi kama mvua ya Aprili kwenye bati,
akasema "rahisi tu," akarudia "rahisi tu,"
na sisi tulioachwa nyuma tukaelewa
kwamba ugumu ulikuwa wetu.
Okiror wa maabara ya udongo
aliitikia kwa kichwa siku tatu;
kumbe kompyuta yake ilikuwa imezimwa tangu Jumatatu.

Alhamisi mtaalamu akashikwa na homa.
Umeme wa Serere nao ukaenda zake,
jenereta ikakohoa mara mbili, ikanyamaza.
Akasimama Asekenye,
huyu anayehesabu maganda ya karanga,
kucha zake na udongo wa shamba la majaribio.
Akasema: "Mimi nilifuta misimu miwili.
Amri moja, herufi moja tu imekosewa.
Nililia chooni, nikatoka nikisingizia vumbi.
Njooni niwaonyeshe nilipojikwaa."

Betri iliyojaa ilikuwa moja, ya Okiror.
Tukaizunguka kama jiko.
Asekenye akaandika polepole, akakosea,
akaliacha kosa liwake jekundu pale kwenye skrini,
akatuuliza: "Linasema nini?"
Hakuna aliyewahi kutuambia kwamba kosa lina mdomo.

Kufikia saa nane Okiror alikuwa na grafu,
imepinda, haina jina,
yake.

Najua mtasema hana shahada ya pili.
Hana. Na yapo asiyoyajua:
nilimuuliza jambo, akajibu "sijui, tutafute,"
maneno ambayo hatukuyasikia tangu Jumatatu.

Mtaalamu naye mwiteni, akipona.
Akae nyuma, kando ya Okiror,
ajifunze kungoja.
Lakini mbele muwekeni aliyekilalia kitanda hiki,
anayewajua kunguni wake mmoja mmoja, kwa majina.

Na mlipeni.
Mwaka jana mlimpa soda.