Kijiko cha Asubuhi

Wiki ya ishirini na tisa. Kilo moja na gramu mia,
mizani ya hospitali ilisema, na mimi mpima samaki
niliujua uzito huo:
mbuta mchanga, wa kurudishwa ziwani.

Anaitwa Adongo. Hapa Obunga hakuna anayeuliza
jina hilo linamfuata nani.

Kadi yake ina umri mara mbili:
miezi kumi na minane,
na kumi na mitano na nusu
ukihesabu tangu siku aliyotarajiwa.

Mideva wa utafiti huleta chupa ya kahawia,
namba pahali pa jina.
"Kijiko kimoja asubuhi. Huenda ni mafuta ya samaki,
yale ya kujenga ubongo. Huenda ni ya mahindi.
Mimi sijui. Daktari hajui."

Nilicheka hadi karai likanirukia.
Mimi, mkaanga mgongo wazi,
mifupa inayobaki kiwandani
minofu ikishapanda ndege,
leo samaki ananirudia kwa kijiko,
na bado haijulikani kama ni yeye!

Nikainusa. Nikaonja.
Ulimi unaotenga mbuta wa jana na wa juzi
ukanyamaza. Wametia harufu ya machungwa, makusudi.

Siku ya kupimwa, chumba kilikuwa na zulia.
Vibao vya mbao: alipanga viwili,
cha tatu akakitafuna.
"Adongo, kiatu kiko wapi?"
Akautazama mlango.
Nami nikaitazama kalamu, inatua kisanduku gani.

"Amefeli?"
"Hapa hakuna kufeli, mama."
Lakini aliifunika karatasi kwa kiganja.

Tulirudi kwa miguu, kando ya reli,
yeye mgongoni, akihesabu au akiimba,
sikuweza kujua.

Jioni paka wa jirani alinyatia jiko.
Adongo aliachia sketi yangu,
hatua mbili, bila kushika kitu,
akamnyoshea paka kidole:
"Moto!"

Paka akasimama. Mimi pia.
Samaki akaungua upande mmoja,
nikamuuza hivyo hivyo, kwa bei ya chini.

Asubuhi nilitikisa chupa.
Namba ileile.
Iwe mbuta, iwe hindi, nikamimina.
"Fungua..."
Mdomo ulikuwa wazi tayari.